Timu imeshinda, mkeka umechanika: ubeti ushindi wa kawaida au handikapu?

Usiku wa kuamkia Juni 13, 2023, kwa saa za kwetu, Denver Nuggets walitwaa ubingwa wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kwa mara ya kwanza katika historia yao. Mechi ya tano ya fainali, nyumbani kwao, 94 kwa 89 dhidi ya Miami Heat. Mpira ulirushwa saa tisa na nusu usiku. Rafiki yangu mmoja wa bodaboda, ambaye kikapu anakipenda kuliko soka, hakulala. Asubuhi alinikuta kijiweni, simu mkononi, macho mekundu.

"Kaka, hebu niangalizie hapa. Denver si wameshinda? Mbona wameniandikia nimeliwa?"

Nikaangalia. Pembeni ya jina la Denver palikuwa na kitu kidogo sana, unaweza kudhani ni uchafu kwenye kioo: -7.5.

"Hii ulijua ni nini?"

"Nilidhani ni odi ya aina nyingine. Ile ya kawaida ilikuwa ndogo mno, hii ikawa 1.85. Nikasema si bora hii."

Hakuibiwa. Alijibu swali ambalo hakuwa amelisoma. Na kwa kuwa nimeshakutana na kisa hiki mara nyingi, kwenye kikapu na kwenye soka vilevile, naziweka beti hizi mbili sambamba, ili anayeanza ajue ipi inamfaa na wakati gani.

Maswali mawili tofauti

Beti ya ushindi wa kawaida inauliza: nani atashinda? Basi. Pointi moja au arobaini, hela ni ileile.

Handikapu, ambayo Wamarekani wanaiita spredi, yaani pengo la pointi, inauliza: atashinda kwa ngapi? Timu inayopewa nafasi inakatwa pointi kwenye karatasi, na ile nyingine inaongezewa. Alama ya kutoa maana yake timu yako inaanza ikiwa na deni. Alama ya kujumlisha maana yake inaanza na akiba.

Tumfanyie hesabu yule bwana. Denver -7.5: chukua 94, toa 7.5, unabaki na 86.5. Miami wana 89. Kwenye karatasi ya handikapu, Denver wamefungwa. Na mtu aliyechukua Miami +7.5, ambaye timu yake ilikuwa imekaa chini inatazama wenzao wanarushiana shampeni, alilipwa. Ndiyo maana nasema usiitazame handikapu kama beti ya ushindi iliyoongezwa odi. Ni mchezo mwingine unaochezwa ndani ya mechi ileile.

Kwa nini ilibuniwa

Anayetajwa sana kwenye historia ya spredi ni Charles McNeil, mwalimu wa hisabati aliyegeuka mcheza kamari huko Chicago, miaka ya 1940. Tatizo lilikuwa rahisi kulielewa. Timu kubwa ikikutana na kibonde, nani ataweka hela yake kwa kibonde? Wote wanakimbilia upande mmoja, na mchukua dau anabaki na mzigo. Lakini ukisema, "Sawa, hawa ni wakubwa, ila washinde kwa zaidi ya pointi 10," watu wanaanza kubishana upya, na hela inagawanyika.

Inafaa zaidi kwenye kikapu na futiboli ya Marekani kwa sababu pointi ni nyingi. Kwenye soka, ambako mechi nzima inaweza kuamuliwa na bao moja la dakika ya 88, handikapu inakuwa na ugumu wake, na nitaurudia.

Spredi haikusudii kutabiri kwamba timu ndogo haishindi. Januari 12, 1969, kwenye Super Bowl ya tatu, yaani fainali ya futiboli ya Marekani, Baltimore Colts walipewa nafasi kwa pointi 18 dhidi ya New York Jets. Jets wakashinda moja kwa moja, 16 kwa 7. Aliyechukua Jets na akiba yao ya pointi 18 alilipwa, ndiyo, lakini akiba yenyewe haikuguswa. Aliyewapa Jets ushindi wa kawaida alikula mara nyingi zaidi. Somo hilo liweke pembeni, tutalihitaji kwenye kuchagua.

Bei

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu odi kubwa inavutia macho kabla akili haijafika.

Kwenye handikapu, pande zote mbili kwa kawaida zina odi zinazokaribiana: 1.85 kwa 1.85, au 1.91 kwa 1.91. Wamarekani huandika -110, maana yake weka dola 110 upate faida ya 100. Kama kila upande una nafasi sawa, odi ya haki ingekuwa 2.00. Kinachopungua hapo ni mshahara wa kampuni.

Tuseme umebeti handikapu 100, kila moja shilingi 1,000, kwa odi 1.85. Umetoa 100,000. Ukipatia 50, unarudishiwa 92,500. Umekatwa 7,500 na wala hukuwa mbumbumbu, umepatia nusu kamili. Ili usipoteze wala usipate, unahitaji kupatia karibu 54 kwa 100. Kwa odi 1.91 unahitaji 52 na ushee. Ndogo eti? Watu wanaofanya kazi hii kwa kompyuta na data wanahangaika kuipata hiyo asilimia mbili. Na kodi ya ushindi, pale inapokatwa, sijaiweka.

Sasa upande wa pili. Ushindi wa kawaida wa timu kubwa una odi ya 1.20, na hakuna mtu anayebeti 1.20 peke yake. Anaunga. Mechi nne za "uhakika", zote 1.20, mkeka unasoma 2.07. Inaonekana nzuri kuliko handikapu moja ya 1.85, si ndiyo?

Odi ya 1.20 inabeba dhana kwamba timu ina nafasi 83 kwa 100, na ndani yake mshahara wa kampuni umeshaingizwa. Tuseme nafasi halisi ni 80. Zidisha 80 kwa 80 kwa 80 kwa 80: mkeka mzima una nafasi 41 kwa 100. Tengeneza mikeka 100 ya hivyo kwa shilingi 1,000 kila mmoja, utarudishiwa kama 85,000. Umepoteza 15,000, mara mbili ya yule wa handikapu. Kila unapounga mechi unailipa kampuni mshahara mara nyingine.

Kwa hiyo nikiulizwa ni ipi inayokula pole pole kati ya mkeka wa vigogo wanne na handikapu moja, jibu langu ni handikapu moja. Zote zinakula.

Nusu pointi

Namba ikiwa nzima, mfano -7, na timu ikashinda kwa 7 kamili, hakuna aliyeshinda. Dau linarudi. Nusu pointi imewekwa ili kitu kama hicho kisitokee: kwa -7.5 lazima mmoja aliwe.

Kwenye kikapu nusu pointi mara nyingi haina uzito mkubwa, kwa sababu mechi zinaisha kwa tofauti za kila aina. Kwenye futiboli ya Marekani ni habari nyingine. Mkwaju wa kupitisha mpira katikati ya nguzo una pointi 3. Kuvusha mpira mstari wa mwisho ni 6, na mkwaju wa nyongeza 1, jumla 7. Ndiyo maana mechi nyingi zinaishia kwa tofauti ya 3 au 7. Mtu mwenye -2.5 na mtu mwenye -3.5 wanaonekana kama majirani, kumbe katikati yao kuna shimo.

Na namba inahama. Mfano maarufu kuliko yote ni Januari 21, 1979, Pittsburgh Steelers na Dallas Cowboys. Namba ilifunguliwa Steelers -3.5. Hela ikamiminika kwao, namba ikasogezwa hadi -4.5 ili watu waanze kuwachukua Cowboys, nao wakawachukua. Robo ya mwisho Steelers wakawa wanaongoza 35 kwa 17. Kwa anayebeti ushindi wa kawaida, mechi imekufa, zima taa ulale. Cowboys wakavusha mpira. Wakarudi tena, wakavusha zikiwa zimebaki sekunde 22. Ikaisha 35 kwa 31. Tofauti: 4.

Tazama nani alilipwa. Aliyewachukua Steelers mapema kwa -3.5 alishinda. Aliyewachukua Cowboys baadaye kwa +4.5 alishinda vilevile. Wachukua dau wa Las Vegas walilipa pande mbili, na siku hiyo wanaikumbuka kama Jumapili nyeusi. Kwako wewe unayeanza kuna jambo moja la kushika: namba iliyopo kwenye mkeka wako wakati unathibitisha ndiyo yako, hata ikihama dakika tano baadaye. Rafiki yako akisema naye kachukua Denver, muulize kwa ngapi.

Hiyo pia ndiyo ladha ya handikapu, na ndiyo mateso yake. Mechi inaweza kuwa imeisha kwa kila mtu uwanjani isipokuwa wewe. Kocha anayeongoza kwa pointi 15 anawapumzisha nyota wake, watoto wa benchi wanaingia, pengo linaliwa pointi moja moja huku yeye anacheka na msaidizi wake. Hana habari na -9.5 yako.

Tukija kwenye soka

Hapa kuna handikapu mbili zinazofanana kwa sura, na kuzichanganya kunagharimu. Kuna ya njia tatu, inayoandikwa (0:1), yaani mgeni anaanza na bao moja, au (1:0), mwenyeji ndiye anaanza nalo, yenye 1 (mwenyeji), X (sare) na 2 (mgeni) kama kawaida. Na kuna ya Kiasia, iliyotoka Indonesia, ambayo imeondoa sare kabisa.

Tuseme umeichukua timu ya nyumbani, kwa njia tano tofauti:

| Mwenyeji | Ushindi wa kawaida (1) | (0:1), chaguo la 1 | Kiasia -1 | Kiasia -1.5 | Kiasia -0.75 |
|---|---|---|---|---|---|
| Anashinda kwa 2 au zaidi | unakula | unakula | unakula | unakula | unakula |
| Anashinda kwa 1 | unakula | unaliwa | dau linarudi | unaliwa | nusu inashinda, nusu inarudi |
| Sare au anafungwa | unaliwa | unaliwa | unaliwa | unaliwa | unaliwa |

Angalia mstari wa katikati. (0:1) na -1 ya Kiasia kwa maneno zote ni "bao moja", lakini mwenyeji akishinda 1-0 moja inakula hela yako na nyingine inakurudishia. Na (0:1) ni kitu kilekile na -1.5. Ukizikuta zote mbili kwenye mechi moja, chukua yenye odi kubwa, maana unanunua bidhaa ileile.

Zile robo, kama -0.75, zinatisha watu bure. Dau linagawanywa mara mbili: nusu kwenye -0.5, nusu kwenye -1. Umeweka 2,000 kwa odi 1.80, timu ikashinda 1-0. Shilingi 1,000 ya kwanza imeshinda, inakuwa 1,800. Ya pili inarudi ilivyo. Unapata 2,800.

Halafu kuna siri ambayo si siri. Kama umewahi kubeti 1X, yaani mwenyeji ashinde au iwe sare, umeshabeti handikapu ya +0.5 bila kujua. Ukichagua 1 ya kawaida, hiyo ni -0.5. Na ile beti ya kurudishiwa dau ikitokea sare ni handikapu ya 0. Kwa hiyo si kweli kwamba handikapu ni ya wataalamu. Umekuwa ukiishi ndani yake, ila ukingoni mwake tu.

Ugumu niliousema wa soka ni huu: mabao ni machache, kwa hiyo -1.5 ni kilima kirefu kuliko kinavyoonekana. Timu kubwa ikipata bao la kwanza dakika ya 20 haina deni na mtu. Itaupooza mpira, itabadilisha winga, itaishia 1-0 na mashabiki wataimba. Kwenye kikapu hakuna kupooza mchezo namna hiyo, saa ya sekunde 24 inawalazimisha wapige.

Na upande wa akiba, usidhani +1.5 ni bima ya kila kitu. Novemba 5, 2023, Simba 1, Yanga 5. Wapenzi wa Simba waliojilinda kwa +1.5 waliliwa, na hata kama wangepewa +3.5 wangeliwa, kwa sababu 1 na 3.5 ni 4.5. Samahani kwa kulikumbusha.

Dakika za nyongeza

Jambo fupi ambalo limechana mikeka mingi. Kwenye soka, beti hizi zote huhesabiwa kwa dakika 90 na zile za majeruhi, isipokuwa pameandikwa vingine. Fainali ya Kombe la Dunia Desemba 18, 2022, Argentina walibeba kombe, lakini dakika 90 zilikuwa 2-2. Aliyebeti Argentina 1 aliliwa huku Messi ananyanyua kombe. Argentina 0, dau likarudi. Argentina +0.5, akala. Na Ufaransa +0.5 naye akala.

Kwenye NBA na futiboli ya Marekani kawaida ni kinyume: muda wa ziada unahesabiwa. Februari 5, 2017, New England Patriots walikuwa -3 dhidi ya Atlanta Falcons. Wakawa nyuma 28 kwa 3. Wakasawazisha 28 kwa 28, muda wa ziada ukaisha 34 kwa 28. Wa -3 wakalipwa kwa pengo la 6. Lakini kampuni nyingi huweka pia soko la "muda wa kawaida", na kwenye soko hilo huyohuyo wa -3 angeliwa. Soma jina la soko. Ni neno moja au mawili, yapo juu kidogo ya odi.

Basi uchague ipi?

Mimi huanza na kujiuliza ninachokijua hasa kuhusu mechi. Mara nyingi ninachokijua ni kwamba timu fulani ni nzuri. Hicho kila mtu anakijua, na kimeshawekwa kwenye odi na kwenye namba. Hakinisaidii upande wowote.

Kama ninachokijua ni kwamba kibonde ana kitu, kipa wake yuko moto, au kigogo ana mechi kubwa katikati ya wiki na atapumzisha watu, basi napima: naamini atashinda kweli, au naamini hatafungwa vibaya? Nikiamini atashinda, natafuta ushindi wa kawaida, kama wale wa Jets. Akiba ya pointi ni kitu ninachokilipia bila kukitumia. Nikiamini atapigana tu, akiba ndiyo yenyewe.

Kwa kigogo ni tofauti. Odi ya 1.15 au 1.20 sioni sababu ya kuigusa peke yake, wala ya kuiunga. Handikapu yake naichukua tu kama nina sababu ya kuamini ataendelea kufunga akiwa mbele: anahitaji tofauti ya mabao kwenye msimamo, au ni timu isiyojua kucheza taratibu. "Ni wakubwa" haitoshi kuwa sababu ya -1.5.

Kwa mgeni kabisa wa mambo haya, ushauri wangu ni kikapu kabla ya soka, namba yenye nusu kabla ya namba nzima na robo, mechi moja kabla ya mkeka. Na kama hujafikisha miaka 18, sheria ya Tanzania na ya Kenya haikuruhusu, na hesabu niliyoionyesha hapo juu haitakuhurumia pia.

Tahadhari moja kwa wanaopenda mechi za ligi ndogo ndogo. Spredi ina udhaifu ambao ushindi wa kawaida hauna kwa kiwango kile: mchezaji anaweza kuuza mechi bila kufungwa. Anashinda kwa 4 badala ya 9, kocha anafurahi, na mtu fulani analipwa. Kashfa ya vyuo vya New York ya 1951 ilikuwa hivyo, na ya Boston College msimu wa 1978 hadi 1979 hivyohivyo. Wachezaji wasiolipwa vizuri, mechi zisizo na kamera: hapo mimi naweka simu mfukoni.

Yule bwana wa bodaboda hajaacha kikapu. Ila sasa ana daftari dogo kwenye koti lake la mvua. Kabla hajafungua simu anaandika anavyodhani mechi itaisha kwa pengo la ngapi. Juzi alinionyesha: ameandika 4. Tukafungua pamoja, namba ilikuwa -4.5.

"Sasa hapa nachukua nani?"

"Wewe umeandika nne. Wao wanasema nne na nusu."

Akatazama daftari, akatazama simu. Abiria akaita kutoka ng'ambo ya barabara, naye akawasha pikipiki.